UZI: Nieuwpoort hadi Ypres kwa baiskeli, uwanda wa mto Yser ambako utambarare ndio historia yenyewe

#1 Pedali Polepole (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu.

Uzi huu ni kwa wale wanaopenda baiskeli ya barabarani lakini milima hawaitaki. Kuna njia moja naipenda kuliko zote nilizowahi kupita: inaanzia Nieuwpoort, pwani ya Ubelgiji, inateremka kusini kupitia Diksmuide hadi Ypres. Ni kama kilomita 50, na ukichepukachepuka zinafika 70. Mwinuko wa kutaja haupo. Utapanda madaraja, kingo za mto na tuta moja la reli ya zamani, basi.

Wengi wanaofika huko huenda Ypres kwa gari, wanapiga picha kwenye Lango la Menin, lango la kumbukumbu ya askari waliokufa vitani, kisha wanaondoka. Kwa maoni yangu wanakosa jambo lenyewe. Huku pwani, vita ya 1914, mwanzo wa Vita ya Kwanza ya Dunia, haikuamuliwa na ngome wala na kilima. Iliamuliwa na utambarare, na utambarare huo hauonekani ukiwa ndani ya gari, kwa sababu gari halijui tofauti ya mita moja. Miguu inaijua.

Twende kwa mtiririko.

Nieuwpoort. Anzia kwenye milango ya maji inayoitwa Ganzepoot. Njia sita za maji zinakutana hapo kabla ya kuingia baharini, na pembeni kuna mnara mkubwa wa mviringo wa Mfalme Albert wa Kwanza uliozinduliwa 1938. Shuka kwenye baiskeli uiangalie milango taratibu. Nchi unayokwenda kuipita iko chini ya kimo cha bahari inapojaa. Maji yakipwa, milango inafunguliwa ili mitaro ya mashambani imwage maji baharini. Yakianza kujaa, inafungwa. Hivyo ndivyo ardhi hiyo ilivyoendelea kulimika kwa karne nyingi.

Sasa Oktoba 1914. Jeshi la Ubelgiji lilikuwa limerudishwa nyuma mpaka kwenye mto Yser, kona ya mwisho ya nchi yake. Mapigano yalianza tarehe 16, na haikuchukua hata wiki mbili Wajerumani wakawa ng'ambo ya mto. Ndipo kazi ya milango ikageuzwa: ifunguliwe maji yakijaa, ifungwe yakipwa. Karel Cogge, msimamizi wa mitaro, aliijua njia ya kila tone la maji katika eneo lile. Hendrik Geeraert, mtu wa mashua, alijua namna ya kuifungua milango. Wakasubiri bamvua (maji makubwa ya bahari) la mwisho wa Oktoba, na usiku baada ya usiku bahari ikaingizwa mashambani.

Swali la mtu yeyote mwenye akili hapo ni moja: maji yakishaachiwa uwandani yanakwenda kote, sasa Wabelgiji wenyewe walisalimika vipi? Jibu lake ndiyo barabara utakayoendeshea. Reli ya Nieuwpoort–Diksmuide ilijengwa juu ya tuta dogo. Wanajeshi waliziba makalavati yote yaliyopita chini ya reli, upande wa mashariki kuelekea mtoni ukageuka ziwa, upande wa magharibi ukabaki mkavu. Tarehe 31 Wajerumani wakaanza kurudi nyuma, na mstari huo ukakaa hapohapo karibu muda wote wa vita, miaka minne.

Leo reli haipo, juu ya tuta kuna njia ya baiskeli iitwayo Frontzate. Ukiingia kutoka barabara ya kijiji unasikia miguu ikivuta kidogo, gia moja tu, sekunde chache. Tayari uko juu. Simama hapohapo. Kushoto mitaro na malisho mpaka mtoni, kulia mitaro na malisho vilevile, na nchi yote umeizidi kimo kidogo tu. Kimo hicho kidogo ndicho kilichobakiza kipande cha mwisho cha Ubelgiji mikononi mwa Wabelgiji.

Jambo jingine la kuangalia ni mitaro yenyewe. Mafuriko yale sehemu nyingi hayakuwa na kina cha kumzamisha mtu mzima. Shida ni kwamba yalifunika mitaro. Askari anatembea maji yakiwa magotini, hatua inayofuata ardhi haipo. Ukiendesha pale unahesabu mtaro baada ya mtaro, mingine imebanwa kati ya njia na shamba, na unaelewa kwa nini jeshi zima lilishindwa kupita kwenye maji ya magotini.

Njiani utapita Ramskapelle na Pervijze, na mabaki ya vituo vya zege vya walinzi ubavuni mwa tuta. Pervijze usiipite kwa kasi. Hapo ndipo Elsie Knocker na Mairi Chisholm, wanawake wawili kutoka Uingereza, walipoweka kituo cha huduma ya kwanza kwenye chumba cha chini ya nyumba iliyobomoka, karibu kabisa na mstari wa mbele, wakakaa mpaka waliporushiwa gesi mwanzoni mwa 1918. Walikuwa waendesha pikipiki hodari kabla ya vita. Hoja yao ilikuwa kwamba majeruhi wengi wanafia kwenye gari barabarani kwa mshtuko, kwa hiyo matibabu yawafuate kule kule.

Nitaendelea na Diksmuide, kwanza niulizeni kama kuna swali.

#2 Gurudumu la Nyuma

Mkuu umetiririka vizuri sana. Mimi nina maswali mawili ya kawaida. Upepo wa huko ukoje? Nasikia tambarare za karibu na bahari ni mateso matupu. Na tairi za milimita 25 zinatosha?

#3 Pedali Polepole

@Gurudumu la Nyuma, umegusa penyewe.

Kwenye uwanda upepo ndio mlima. Tena mlima una kilele, ukifika unateremka na kupumzika. Upepo wa mbele unaweza kukaa nao saa mbili bila kupata mita mia za kupumua. Huko upepo wa kawaida hutoka kusini-magharibi, kwa hiyo ukitoka Nieuwpoort kwenda Ypres mara nyingi utaupata usoni kidogo na ubavuni wa kulia. Kama hujawa na mazoezi, geuza safari: anzia Ypres umalizie baharini. Mimi bado napendelea kuanzia Nieuwpoort kwa sababu ya mpangilio wa historia, ila siku utabiri ukionyesha upepo mkali nageuza bila kusita.

Chukulia hivi: ukiongeza mwendo, nguvu ya kushindana na hewa inapanda haraka mno. Kasi mara mbili inadai takriban mara nane ya nguvu dhidi ya hewa. Ndiyo maana kulazimisha kilomita 30 kwa saa upepo ukiwa usoni ni kujichosha bure. Weka gia nyepesi, miguu izunguke mara 80 hadi 90 kwa dakika, inama kidogo, kubali kilomita 20 kwa saa. Na kwa kuwa hakuna miteremko ya kukufanya uinuke kitini, utakaa mkao mmoja muda mrefu, mikono inakufa ganzi. Badilisha sehemu za kushika usukani kila mara, na inuka kwa makusudi kila baada ya dakika kadhaa.

Tairi: 25 zitapita lakini utaumia. Barabara nyingi za mashambani ni vibao vya zege vilivyoungwa, kila kiungo kinagonga. Chukua 28 au 32, na usijaze upepo kupita kiasi. Msimu wa mavuno ya viazi na viazisukari, kuanzia Septemba, matrekta yanaacha tope barabarani, likilowa linateleza vibaya sana. Kona zote za mashamba punguza mwendo kabla hujaingia, usishike breki ukiwa katikati ya kona.

Nikirudi kwenye upepo, maana una historia yake pia. Kusini mwa Diksmuide njia inafuata mto, kisha inashika mfereji wa kwenda Ypres, unapita Steenstrate na Boezinge. Jioni ya tarehe 22 Aprili 1915 Wajerumani walifungua mitungi zaidi ya 5,000 ya klorini, gesi ya sumu, kwenye mstari kati ya Steenstrate na Poelkapelle. Hilo ndilo shambulio kubwa la kwanza la klorini. Mitungi ilikuwa imeshafukiwa kwenye mahandaki, ila walilazimika kungoja, kwa sababu upepo wa kawaida ungewarudishia gesi wenyewe. Siku hiyo upepo ukavuma kutoka kaskazini. Klorini ni nzito kuliko hewa, ikatambaa chini chini na kujaa ndani ya mahandaki.

Waliokuwa mbele yake ni wanajeshi wa Ufaransa: askari wa akiba wenye umri mkubwa, wengi wao kutoka Bretagne, na divisheni ya 45 iliyotoka Algeria, yenye zouave (askari wa miguu wa jeshi la Ufaransa la Afrika Kaskazini) na wapiga bunduki Waafrika wa Kaskazini. Karibu na Boezinge kuna njia panda iitwayo Carrefour des Roses yenye kumbukumbu yao: msalaba wa mawe wa karne ya 16 ulioletwa kutoka Bretagne, na mawe makubwa yaliyosimamishwa. Ni mahali padogo, magari yanapita bila kupunguza mwendo. Nawaomba mkifika hapo mshuke. Vita hii inasimuliwa mno kama ya Wazungu peke yao, na Waafrika walikuwa kwenye mahandaki ya kwanza kabisa kufikiwa na ile gesi.

#4 Kasi ya 35

Mkuu heshima kwako, ila sisi wengine tunaenda tambarare kutafuta kasi, siyo kusimama kila kilomita. Uwanda ule ni bora kwa kuendesha kwa kundi, unakaa nyuma ya mwenzako unaokoa nguvu robo nzima au zaidi. Mbio za baiskeli za Gent–Wevelgem zimekuwa zikipita maeneo ya jirani, De Moeren. Mwaka 2015 upepo uliwasukuma waendeshaji mpaka mitaroni, Geraint Thomas akiwemo, akainuka na kumaliza wa tatu. Luca Paolini ndiye aliyeshinda. Hiyo nayo ni historia.

#5 Pedali Polepole

@Kasi ya 35 ni historia kabisa, na De Moeren nilitaka kuitaja. Ile ilikuwa ziwa la tope. Wenceslas Cobergher aliikausha karne ya 17 kwa mitaro na vinu vya upepo, ikaja kufurikishwa tena kwa ajili ya vita, ikakaushwa upya baadaye. Iko chini ya usawa wa bahari. Barabara zake zimenyooka kwa rula na hakuna hata ua wa kukukinga, ndiyo maana upepo wa ubavuni unavunja kundi pale kuliko mahali pengine.

Kundi sawa, ila fuateni sheria. Kibao cha duara cha bluu chenye baiskeli nyeupe maana yake ni lazima kutumia njia ya baiskeli. Mkiwa 15 hadi 50 mnaruhusiwa barabara ya magari, wawili wawili sambamba. Mkiwa wachache kuliko hapo, nje ya mji gari likija nyuma mnajipanga mstari mmoja. Na hili wageni wengi hawalijui: njia panda isiyo na kibao wala alama, anayetoka kulia ndiye mwenye haki ya kupita, hata kama barabara anayotoka ni ndogo. Trekta halitakusubiri.

Ushauri wangu kwa wapenda kasi: pigeni kasi kwenye mto na mfereji, huko mnaweza kwenda kilomita nyingi bila njia panda. Frontzate ina watembea kwa miguu na watoto, pale nendeni taratibu.

Sasa Diksmuide kama nilivyoahidi.

Kabla ya kuingia mjini, kwenye ukingo wa mto, kuna handaki lililohifadhiwa, Dodengang. Mifuko ya mchanga unayoiona siku hizi ni ya zege, ilifanyiwa hivyo baada ya vita ili umbo lisipotee. Ingia ndani utembee. Adui alikuwa kwenye ukingo huohuo, umbali wa mita chache mbele. Mjini kwenyewe kuna IJzertoren, mnara wa mita 84 wenye maandishi ya kukataa vita kwa lugha nne. Wa kwanza ulilipuliwa 1946, kwa hiyo huu ni wa pili. Una mambo yake ya siasa za Waflemish (Wabelgiji wanaosema Kiholanzi) ambayo makumbusho ya ndani yanayaeleza vizuri. Panda juu siku ya anga safi, utauona uwanda wote uliouendesha na utaweza kuufuata mstari wa tuta kwa macho.

Halafu chepuka kaskazini-mashariki hadi Vladslo, kilomita chache tu. Kuna makaburi ya askari wa Kijerumani 25,644 chini ya miti ya mwaloni, mawe yamelazwa ardhini, kila jiwe lina majina ishirini. Mwisho wa uwanja kuna sanamu mbili za mawe za wazazi waliopiga magoti, kazi ya Käthe Kollwitz. Mwanawe Peter aliuawa maeneo hayo Oktoba 1914, akiwa na miaka 18. Aliifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, ikawekwa 1932 kwenye makaburi ya mwanzo, kisha ikahamishiwa hapa pamoja na mabaki.

Ziangalieni kwa karibu. Baba amejikumbatia, mikono imebana chini ya makwapa, mgongo wima, hataki kuanguka. Mama ameinama kabisa, kichwa kimeshuka, mkono umeshika shuka aliyojitanda mpaka usoni. Hawagusani wala hawatazamani. Jiwe lililo mbele yao lina jina la Peter katikati ya majina mengine, halijapambwa wala kukuzwa. Mimi pale huwa siwezi kupiga picha.

#6 Mama Wawili

Asante sana kwa uzi huu. Nina watoto wa miaka 9 na 12. Kilomita 50 ni nyingi kwao. Kuna kipande unaweza kunishauri? Na mtu hapotei huko, maana hizo barabara zote zinafanana?

#7 Pedali Polepole

@Mama Wawili chukua Nieuwpoort hadi Diksmuide kwa Frontzate. Ni chini ya kilomita 20, magari yapo tu pale njia inapokata barabara, na watoto wataielewa hadithi ya milango na maji kuliko watu wazima. Waonyeshe milango kwanza, kisha waulize maji yatasimama wapi. Wakifika kwenye tuta watajijibu wenyewe. Vladslo uamue mwenyewe, mdogo anaweza kuwa na maswali mazito.

Kupotea ni kazi. Kuna mtandao wa namba: kila makutano ya njia za baiskeli yana namba yake, na vibao vinakuelekeza namba inayofuata. Unaandika namba zako kwenye karatasi, unaibandika kwenye usukani, unaenda. Aliyebuni ni Hugo Bollen, mhandisi wa migodi wa Limburg, Ubelgiji, aliyeichukua namna makutano yanavyotambulishwa kwenye njia za chini ya ardhi za mgodi wa makaa. Ulianza 1995, baadaye Uholanzi wakauiga. Mimi nauamini kuliko simu, betri haiishi.

#8 Msoma Ramani

Mwanzisha uzi, nakupinga sehemu moja. Unasema utambarare ndio ulioamua. Kwa Yser sawa. Ila Ypres ni kinyume chake. Pale kilichoua watu ni ule mgongo wa ardhi wa Passendale. Una mita kama 60 tu kutoka usawa wa bahari lakini aliyekuwa juu yake aliwaona wote waliokuwa chini. Ukimaliza safari mjini bila kupanda hadi makaburi ya vita ya Tyne Cot, umesimulia nusu.

#9 Pedali Polepole

@Msoma Ramani nakubali hoja, na naona inaipa nguvu ile yangu badala ya kuiua. Kwenye nchi ya milima, mwinuko wa mita 40 hakuna anayeuona. Mwinuko ule uliua watu wengi namna ile kwa sababu kila kitu kingine kilichouzunguka ni tambarare. Na kama kuna chombo cha kumfundisha mtu jambo hilo ni baiskeli: kutoka Ypres kwenda Tyne Cot unapanda pole pole, hushuki kitini, na bado mapaja yanakwambia kwamba kuna mtu alikuwa juu anakutazama.

Kwa wenye muda, ongezeni hiyo, ni kama kilomita 10 kutoka mjini. Makaburi yanakaribia 12,000, hakuna makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola makubwa kuliko hayo duniani. Ukutani kuna majina ya karibu 35,000 wasio na kaburi, walioanguka baada ya katikati ya Agosti 1917. Wa kabla ya hapo wako kwenye Lango la Menin, lenye majina zaidi ya 54,000, yakiwemo ya askari wa India. Lango lilizinduliwa 1927, na tangu 1928 kila jioni saa mbili kamili tarumbeta zinapigwa chini yake na barabara inafungwa. Ilikatizwa na ukaliaji wa Wajerumani vita ya pili, ikarejeshwa Septemba 1944 jioni ileile mji ulipokombolewa. Fika nusu saa kabla, baiskeli iegeshe mbali kidogo, na usiingie katikati ya watu na viatu vya kugongagonga.

#10 Gurudumu la Nyuma

Mkuu la mwisho. Tunafikaje na baiskeli zetu, na baada ya Ypres tunarudije? Nieuwpoort naona haina treni.

#11 Pedali Polepole

Kweli haina. Shukia Diksmuide au Veurne, zote ziko kwenye reli moja, kisha endesha mpaka Nieuwpoort. Ukitokea Veurne unapata na uwanja wake wa mji, ambako makao makuu ya jeshi la Ubelgiji yalikuwa 1914. Ypres ina stesheni yake, treni za Kortrijk zinapita hapo. Baiskeli inalipiwa tiketi yake ndani ya treni, isipokuwa ya kukunjwa. Wikiendi za kiangazi nafasi zinajaa, panda asubuhi mapema.

Kama mtashika njia ya katikati, piteni Lo. Kuna lango la mji la enzi za kati na mti wa zamani sana ubavuni mwake ambao wenyeji husimulia kwamba Julius Caesar wa Roma alifungia farasi wake. Hadithi ya kijiji tu, lakini kivuli chake ni kizuri na kuna mahali pa kujaza chupa za maji.

Beba tyubu mbili, pampu, taa ya mbele nyeupe na ya nyuma nyekundu hata kama unategemea kurudi mchana, maana ukingoja tarumbeta utaendesha gizani. Koti jepesi la upepo pia. Anayetaka orodha ya namba za makutano kwa siku atakayokwenda aandike hapa chini upepo utakuwa wa upande gani, nitampangia.